Wanao watalikumbuka jina lako, lakini jina lenyewe liko wapi?

Juzi mvua ilitupata town hapa Kisumu, mimi na mtoto wa kaka yangu, yuko gredi ya nane, tukajibanza pale Oginga Odinga Street karibu na mnara wa saa. Huyu kijana macho yake hayatulii bila kitu cha kusoma, akasoma maandishi ya pale mnarani mpaka mwisho alafu akanigeukia. "Baba mdogo, kwani huyu Kassim Lakha alikuwa gavana?" Nikamwambia wapi, alikuwa mfanyabiashara Mhindi, wanawe ndo walijenga huo mnara kumkumbuka baba yao wakaupatia mji, hiyo ni 1938. Akafikiria kidogo. "Na yule wetu wa Kariakor, watoto wake hawakujenga?"

Swali kama hilo ukiulizwa na mtoto unajifanya unaangalia kama mvua imepungua.

Yule wetu wa Kariakor, ile Carrier Corps ya wapagazi, ni ndugu ya baba ya babu yangu. Alichukuliwa 1917 kwenda kubebea jeshi la Mwingereza mizigo, akapandishwa treni hapa Kisumu, na hapo ndo habari zake zinaishia. Ukiuliza uliza huku Nyanza, ukavuka Vihiga, Kakamega, Bungoma, boma nyingi ziko na mtu wa hivyo, wengine hawajui hata kama wako naye. Na mnara wake upo, ni vile tu hauko hapa. Uko Nairobi, Kenyatta Avenue, na kama umewahi pita pale umeuona hata kama haukuuangalia: wanaume watatu wa shaba wamesimama juu ya jiwe, magari yanapita chini yao asubuhi hadi usiku, watu wanapatia wenzao miadi hapo. Wengi wanaiita tu sanamu ya askari. Iliwekwa 1928, na mchongaji alikuwa Mwingereza, James Alexander Stevenson, ambaye kwa kazi zake alipenda kujiita Myrander. Mchongaji ana majina mawili, sasa wale aliowachonga hawana hata moja.

Hapo ndo kuna mambo, na inabidi tuyafungue polepole kwa sababu hiyo sanamu si urembo wa mji, ni jibu ambalo serikali ya mkoloni ilitoa kwa swali gumu: hawa maelfu ya Waafrika waliokufa kwa vita yetu tutawafanyia nini?

Anza na yule asiye na bunduki. Kwa hao watatu kuna mmoja ni mpagazi, na chini kwa jiwe kuna maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yanayosema hii ni kumbukumbu ya askari wenyeji wa Afrika waliopigana, na ya wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na ya wote waliotumikia mfalme na nchi yao Afrika Mashariki 1914 hadi 1918 wakafa. Alafu linakuja lile neno ambalo watu wote hulikumbuka, kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Miguu na mikono si mashairi, ndivyo ilivyokuwa. Vita vya huku havikuwa kama vya Ulaya vya kukaa kwa handaki miezi. Mjerumani von Lettow-Vorbeck alikuwa anazunguka tu Tanganyika, anaingia Msumbiji, anatoka, na hawa wengine nyuma yake, na aliweka silaha chini 25 Novemba 1918, wakati huko Ulaya vita ilikuwa imeisha wiki mbili kabla. Huko porini barabara hakuna, reli iko mbali, na ng'ombe, punda na farasi mbung'o waliwamaliza. Anabaki nani wa kubeba risasi, mahema, unga, dawa, mpaka viti vya maofisa? Mtu.

Na mtu ana shida moja kubwa kuliko lori, yeye anakula ule mzigo. Piga hesabu ya haraka haraka: umebeba unga kilo 25, unakula kilo moja kwa siku, unatembea siku kumi kufika kwa askari na siku kumi kurudi. Kilo 20 umekula wewe mwenyewe njiani, askari umempelekea 5. Kwa hivyo kulisha askari mmoja mbele unahitaji msururu wa wabebaji nyuma yake, na kulisha hao wabebaji unahitaji wengine, na jeshi likizidi kwenda mbali kusini ndo hesabu inazidi kuwa wazimu. Ndo maana upande wa Mwingereza peke yake ulitumia wapagazi zaidi ya milioni 1, ukihesabu nchi zote walikotolewa. Askari wenyewe ukiwalinganisha nao walikuwa kiganja tu.

Mwanzoni walisema ni hiari. Mwaka 1915 ikatoka sheria ya kulazimisha, na 1917 ndo ikaja ile zoazoa kubwa, mwenye kusimamia akiwa John Ainsworth, yule aliyekuwa PC, mkuu wa mkoa wa Nyanza, akikaa hapa hapa Kisumu. Alikuwa anaijua Nyanza vizuri, anawajua machifu, anajua ni wapi kuna vijana wengi, na reli ilikuwa imefika ziwani tangu 1901. Unaona venye ilikuwa rahisi? Chifu anapewa idadi, anatuma watu wake usiku, asubuhi vijana wanahesabiwa, anayebishana anapigwa, treni inangoja. Vita yenyewe huku kwetu karibu haikuonekana, ukitoa ile siku moja ya Kisii, 12 Septemba 1914, Wajerumani walipoingia mji wakapigana alafu wakarudi zao. Lakini watu walitoka hapa kuliko karibu kila mahali.

Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu. Jamaa ametoka nyumbani amezoea kuon, yaani ugali, ya wimbi na mtama, samaki, majani ya kunde, huko anapewa unga wa mahindi uliosagwa nusu nusu, kuni hakuna au zimeloa, muda wa kupika hakuna, anakula kitu kibichi siku mbili tatu tumbo linachanika, na kesho yake mzigo bado ni ule ule. Hesabu rasmi za Mwingereza zinasema wapagazi waliokufa ni karibu 95,000, na kwa hao wa Kenya ni zaidi ya 40,000. Hizo ni za waliohesabiwa. Kuna ofisa wa wizara ya makoloni London aliandika baadaye kwamba kilichofanya hii kampeni isiwe kashfa ni vile walioumia zaidi walikuwa wapagazi, na kwani nani anajali wapagazi wenyeji? Aliandika hivyo kabisa, kwa karatasi ya serikali.

Sasa turudi kwa sanamu. Mwaka 1917, vita ikiendelea, Waingereza waliunda tume ya makaburi ya vita, ile leo inaitwa ya Jumuiya ya Madola. Tume hii ilikuja na wazo zuri sana, siwezi kuwanyima sifa, kwamba wafu wote wa vita ni sawa. Jenerali na askari wa chini jiwe moja, saizi moja, hakuna tajiri kumjengea mtoto wake kaburi refu, na kila mtu jina lake lichongwe, kwa jiwe kama mwili umepatikana, au kwa ukuta kama haujapatikana. Ndo maana ukienda Ubelgiji pale Menin Gate unakuta majina zaidi ya 54,000 ya watu ambao hawana kaburi linalojulikana, ukuta baada ya ukuta, unatafuta herufi unampata wako.

Hiyo sheria ilipofika Afrika Mashariki ikalegea. Mzungu aliyekufa huku alipata jina lake. Kwa Mwafrika wakasema hawa hawajafika kiwango cha kuelewa mawe ya kaburi, wajengewe sanamu moja ya wote inatosha. Makaburi mengi ya wapagazi yakaachwa, na neno walilotumia ni kwamba yarudi kuwa pori. Kwa hivyo sanamu tatu: Dar es Salaam, ambayo ni askari mmoja na bayoneti yake ameielekeza bandarini, Mombasa ambayo ina watu wanne, na hii yetu ya Nairobi. Zote Stevenson.

Yaani ile sanamu nzuri iliwekwa badala ya majina. Ukilisoma lile neno la kwamba wanao watalikumbuka jina lako, lisome ukijua hivyo: ni mtu anakuambia wewe kumbuka mwenyewe, sisi hatutaandika. Tume ilikuja kukubali haya yote kwa ripoti yake ya Aprili 2021, ikasema kuna watu si chini ya 116,000 na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, ambao hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Miaka mia imepita.

Aliyetunga hayo maneno ya kwa jiwe ni Rudyard Kipling, mwandishi, ambaye ndo alikuwa mshauri wa maneno wa hiyo tume. Nilipokuwa sijui habari zake nilimchukia tu bure bure. Baadaye nikasoma kwamba mtoto wake wa kiume, John, miaka 18, alipotea kwa vita huko Loos, Ufaransa, Septemba 1915, baba akatafuta, akauliza askari mmoja mmoja, hakupata mwili, na alikufa 1936 bila kuupata. Jina la mtoto likachongwa kwa ukuta na wale wasio na kaburi. Kwa hivyo mzee alijua sana maana ya kubaki na jina peke yake. Sijui kama hiyo inamwokoa au inamzamisha zaidi.

Wataalamu wa minara ya vita huzungumzia kaburi tupu, senotafu, kaburi la heshima la mtu ambaye mwili wake uko mahali pengine. Ule maarufu wa London uliwekwa 1920 na hauna jina hata moja, lakini hauna kwa sababu majina yalikuwa yanachongwa kila mahali, kila kijiji, kila kanisa, kila stesheni ya treni. Utupu wake umezungukwa na majina, ndo maana unabeba. Utupu wa Kenyatta Avenue haukuzungukwa na kitu.

Kaburi tupu kwetu Waluo si jambo geni. Mtu akifia mbali na mwili usipatikane, akizama ziwani usionekane, wazee wanachukua tunda la yago, lile refu kama soseji kubwa linaning'inia kwa mti na kamba yake, wanalizika kama vile wangemzika yeye. Kaburi linachimbwa kipimo cha mtu, watu wanalia kama kawaida, na mke wake sasa anaweza kuhesabiwa mjane. Tunda linazikwa kwa jina la fulani mwana wa fulani. Huwezi kuzika yago la watu wote waliopotea, itakuwa umepanda tu mti. Kwa majirani zetu nasikia wengine hutumia mgomba. Kwa hivyo hao waliosema Mwafrika hataelewa jiwe la kaburi, wangekaa jioni moja na mzee yeyote wa Nyanza wangefundishwa senotafu ni nini na wangekunywa uji juu yake.

Waliorudi nao walirudi kwa mambo gani? Wazungu waliopigana walipewa mashamba kwa mpango wa kuwapa askari ardhi, wengine wakaja kulima hapo Rift Valley. Mwafrika alirudishiwa kodi ya juu na kipande, kile cheti cha kuvaa shingoni kwa kijumba cha bati, alama ya vidole ndani. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwahi kufika kwa watu wao, na Oscar Watkins mwenyewe, aliyekuwa mkubwa wa hicho kikosi, alipigania hizo pesa miaka na hakusikizwa. Desemba 1921 watu wakajaa Lundha, kule Gem, ule mkutano wa Piny Owacho, kulalamikia kodi, kazi ya lazima, kipande na ardhi. Vita haikuwa mbali na vichwa vyao, ilikuwa imeisha miaka mitatu tu.

Na kusema ukweli mnara unaofanya kazi zaidi ya ile sanamu ni masoko. Kariokor ya Nairobi, Kariakoo ya Dar, yote ni ile Carrier Corps watu waliigeuza kwa ulimi wao, na kila siku kuna mtu anapanda matatu anasema shukisha Kariokor bila kujua ametaja jeshi. Vita ya pili ikatuachia Burma, soko la nyama. Hakuna aliyepanga hayo na hakuna aliyeyazindua.

Mtu anaweza kusema basi sanamu za kutotaja majina zote ni mbaya, na hapo nakataa. Nenda Uhuru Park uangalie mnara wa Mau Mau, ule wa Septemba 2015 ambao Uingereza ilisaidia kugharamia baada ya kukubali 2013 kulipa wazee zaidi ya 5,000 walioteswa. Kuna mpiganaji na mwanamke anampa chakula kwa kikapu, na wamepeana migongo. Hawaangaliani makusudi, ili mmoja akikamatwa akateswa asiweze kumtaja mwenzake. Hapo kukosa jina na hata uso ndo hadithi yenyewe, kimya ni ulinzi. Mchongaji amekuonyesha sababu kwa mgongo tu. Sasa linganisha na kimya cha 1928 ambacho hakikulinda mtu.

Na usiseme haiwezekani kuandika majina mengi. Cape Town, Januari 2025, pale Company's Garden, hiyo hiyo tume iliweka kumbukumbu ya Waafrika Kusini weusi zaidi ya 1,700 wa vikosi vya wafanyakazi waliokufa kwa vita ya kwanza. Msanifu wake, Dean Jay, hakuchonga mtu wala bunduki. Alisimamisha nguzo za mti wa mvule, kila nguzo ni mtu mmoja, ina jina na tarehe aliyokufa. Unatembea katikati yao kama umeingia kwa umati. Nikiona picha zake najiuliza, zetu za hapa zingekuwa nguzo ngapi, na zingetoshea wapi, labda zingetoka Kisumu Boys zikafika ziwani.

Kuna shida moja ambayo watu hawaitaji na nadhani ndo itasumbua siku ya kuchonga. Miaka hii ya karibuni zimepatikana daftari za KAR, King's African Rifles, kikosi cha askari Waafrika chini ya Mwingereza, kwa kumbukumbu za jeshi letu, ambazo ilidhaniwa zilishaharibiwa, na ndani kuna majina ya maelfu ya askari. Nzuri sana. Lakini majina yetu huku yanafuata saa na msimu: aliyezaliwa usiku ni Otieno, mchana ni Onyango ama Ochieng' kulingana na jua liko wapi, Mbukusu wa wakati wa mvua ni Wafula, wa mavuno ni Wekesa. Karani wa 1917 akiandika Onyango na namba, akiandika kwa sikio lake la kigeni pia, utapata Onyango mia tatu na kila boma itasema huyo ni wetu. Ukuta wa Ulaya unapanga watu kwa kikosi na cheo na herufi. Wetu ungelazimika kupangwa kwa baba na kwa kijiji, Onyango wuod fulani, wa mahali fulani, vile tunavyozika yago. Na hiyo nusu ya pili ya jina haiko kwa daftari nyingi, iko kwa wazee.

Kwetu ilipitia kwa dani, nyanya yangu, ambaye naye aliambiwa na mama mkwe wake. Anasema nilipokuwa mtoto nililia siku tatu usiku, maziwa sitaki, dawa haisaidii, wakaanza kutaja majina ya waliokufa mmoja mmoja vile huwa inafanywa, na walipofika kwa yule wa Kariakor nikanyamaza. Ndo jina langu la katikati. Kwa kitambulisho limeandikwa na kosa la spelingi.

Nilimweleza huyu kijana sehemu ya haya tukitembea kwenda stage, mvua ikiwa imebaki manyunyu, na akauliza kama kaburi la yago bado liko. Nikamwambia liko chini ya boma, tuta lenyewe lilishasawazishwa na ng'ombe zamani, hakuna msalaba wala jiwe, ukipita utadhani ni mahali nyasi zimekataa tu kulimwa. Kila Machi trekta ikija, baba yangu hutangulia mbele yake na fimbo akionyesha dereva azunguke wapi. Mwaka huu dereva alikuwa mgeni, akazima injini akauliza kwani hapo kuna nini, mbona pako tupu. Baba akamtajia jina, na la baba yake.